Baiskeli ya Mchango wa Kanisa

Mwinjilisti Micah aliomba baiskeli. Kanisa likampa vipande.

Waumini wake walitawanyika huku na huko kwenye miteremko ya Mau, juu ya Elburgon, na mwaka ule wa hamsini na sita viatu vyake vilikuwa vimechoka kuliko yeye. Wazee wa kanisa walimhurumia, lakini baiskeli nzima hakuna aliyeweza kuinunua. Ndipo mzee Kosgei, kiongozi wao, akapata wazo: kila nyumba itoe kipande. Jumapili iliyofuata mbele ya kanisa kukajaa vyuma. Kosgei mwenyewe alitoa fremu ndefu nyeusi pamoja na usukani, nao ulikuwa na mkono mmoja tu wa breki, ule wa mbele. Chepkemei, mjane, alileta gurudumu la mbele la marehemu mumewe. Alikuwa amelipaka mafuta mpaka linang'aa, na alipoliweka chini akalia. Owuor, fundi wa misumeno kwenye kiwanda cha mbao, alitoa kiti. Wengine wakaleta cheni, pedeli, keria, na gurudumu la nyuma.

Micah aliviombea vyote, huku jicho moja likiwa kwenye lile gurudumu la mjane. Hata kwa kuangalia tu, lilikuwa dogo.

Akavitia kwenye magunia, akateremka kwa gari la moshi hadi Nakuru, kwa fundi Miraji aliyekuwa na kibanda chake Bondeni. Miraji alimwaga magunia yale, akavitazama vyuma kama daktari aliyeletewa maiti na kuambiwa ana homa.

"Bwana mwinjilisti, hii ni baiskeli au ni mkutano?"

"Ni sadaka."

"Basi sikiliza. Fremu hii ni ya gurudumu la ishirini na nane. La nyuma sawa. Hili la mbele ni ishirini na sita. Chuma cha kiti nacho ni chembamba, kitazama ndani ya bomba na wewe juu yake. Cha kiti nitakizungushia bati la mkebe, kitakaa. Lakini gurudumu hili niachie, nikupe jingine la saizi yake. Tubadilishane tu, uende zako."

Moyoni Micah alimwona Chepkemei akijifuta macho kwa ncha ya leso. "Haiwezekani, fundi. Jumapili kila mtu atakuja kutafuta kipande chake. Nikikosa kimoja nimepoteza nyumba nzima."

"Kumbe kazi yako ni ngumu kuliko yangu. Haya, njoo uone." Miraji akalipachika gurudumu na kuminya breki. "Breki hii huvuta raba kwenda juu, zikaibana ringi kwa chini. Ringi yako iko chini zaidi. Raba zinapanda, zinakutana na hewa. Niruhusu nirefushe chuma hiki cha breki, zitaifikia."

"Usiguse breki! Hiyo ni ya mzee Kosgei mwenyewe. Ataiona."

"Basi jiepushe na miteremko," alisema Miraji.

Micah aliishi mahali ambapo hapakuwa na kitu kingine.

Alikusudia kuisukuma taratibu hadi kanisani siku ya kuiweka wakfu. Lakini mzee Kosgei hakutaka kusikia. Mwinjilisti angetokea juu ya kilima akiwa amepanda, koti limefungwa vifungo, na watu wamejipanga barabarani wakiimba. Na kweli walijipanga. Micah alipanda, akasukuma pedeli kidogo, kilima kikafanya kazi iliyobaki.

Alipolifikia kundi la akina mama, aliminya breki. Raba zikapanda. Akina mama wakapiga vigelegele. Aliminya tena kwa mikono yote miwili. Mlangoni mzee Kosgei alikuwa amenyoosha mkono wa kumpokea.

"Nakuja!" alipiga kelele Micah, ingawa alikuwa anakwenda.

Mkono wa Kosgei ulibaki hewani. Baiskeli ilipita kanisa, ikapita duka, ikakata kona pasipokuwa na kona, ikaingia uwanja wa kiwanda cha mbao na kumzika mwinjilisti katika lundo la unga wa mbao. Wimbo ulikuwa kwenye ubeti wa tatu walipomchomoa, mzima, wa manjano kuanzia nywele hadi soksi.

Wazee walikutana siku hiyohiyo kutafuta kosa liko wapi. Chepkemei alisema gurudumu la mume wake halijawahi kumwangusha mtu, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumbishia. Breki? Wote wakamtazama mzee Kosgei, halafu wakatazama chini. Kiti cha Owuor kilisifiwa. Kila kipande kilichunguzwa, kila kipande kikaonekana safi, mpaka kikabaki kimoja tu ambacho hakikutolewa na mtu yeyote pale.

"Mwinjilisti hajui kuendesha," alisema Kosgei kwa upole.

Micah, aliyewahi kubeba maziwa kwa baiskeli kule Njoro miaka mingi kabla ya kuitwa, alifungua mdomo. Akaziangalia zile nyuso, zote zimetulia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akaufunga.

Owuor akateuliwa kumfundisha, kila Jumamosi, kwenye kiwanja cha shule kilicho tambarare kama meza. "Tazama mbele, mwinjilisti! Usiogope!" Micah alizunguka, akatazama mbele, akajitahidi kuyumba kidogo. Siku moja aliaga kwamba anakwenda kumwona mgonjwa Nakuru, na safari ile akaenda na baiskeli. Miraji alirefusha kile chuma, akakipaka rangi nyeusi pale alipokiunga, wala hakuuliza maswali.

Jumapili iliyofuata Micah alishuka tena kilima kile. Aliminya breki na kusimama mbele ya mzee Kosgei, karibu kabisa, wakashikana mikono. Watu walimbeba Owuor juu juu. Mle ndani Micah alisimama mbele ya wote akamshukuru mwalimu wake, masikio yakimwaka, na watu wakauona huo kuwa ni unyenyekevu.

Habari zilifika mbali. Kabla ya mavuno, kanisa la Molo lilituma watu kumwomba Owuor aende akamfundishe na mwinjilisti wao, ambaye naye alikuwa na baiskeli ya kuchangiwa. Owuor alikubali, akanunua filimbi. Micah ndiye aliyeombwa kuiombea ile safari, na aliomba kwa muda mrefu sana.