Siku Nzima na Gari la Betri

Mwaka huo mgongo wangu ulinichosha kuliko mume wangu, na huyo naye ana kipaji cha kuchosha. Mchele wangu ulikuja kwa treni kutoka Kibombo, nami niliubeba kutoka stesheni mpaka sokoni, gunia mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Nesi hakunizungusha: niache kubeba, au nitaishia kitandani. Biashara hiyo ndiyo iliyolisha watoto wangu wanne. Niliogopa sana.

Kwa hiyo niliposikia kwamba Tambwe, mtunza ghala la pale stesheni, anauza kigari cha betri kilichokuwa kikivuta mizigo, niliona nimeokoka. Mtaa mzima ukageuka wataalamu. Shemeji yangu Bulaimu alisisitiza nisikilize honi kwanza. Jirani Philomène alitaka kipakwe rangi ya kijani. Hawa ni watu wasiomiliki hata baiskeli!

Onema tu, fundi wa betri za reli, ndiye aliyeuliza maswali ya maana.

"Mama Hadidja, batri iko na miaka ngapi? Ikibeba magunia tatu, inafika soko? Na itakulaka courant wapi?"

Umeme wa kukichaji hata sikuwa nimeufikiria; nikanuna.

"Basi shinda nayo siku muzima mbele ya kununua," akasema. "Hata muchumba tunamuangaliaka mbele ya kuoa."

Alhamisi treni ikaleta magunia yangu matatu. Wapagazi wakayapakia, Tambwe akashika usukani, nami nikapanda juu ya mchele. Kigari kiliondoka kimya kimya, bila moshi, nikacheka kwa sauti kama mtoto. Tulipofika kwenye geti la ghala, kikazimika.

"Citoyenne, iko na njaa kidogo tu," akasema Tambwe, ambaye kwake kila mwanamke ni citoyenne, yaani raia.

Tukakisukuma kurudi, wapagazi wakayashusha magunia. Mashine ya kukichaji ilikuwa imefungwa kwa skrubu kwenye ukuta wa ghala, ikitegemea jenereta ya hapo hapo. Kwangu hakuna umeme hata wa kuwasha taa moja.

"Itakula masaa ngapi?"

"Masaa sita. Labda saba."

Nikakaa juu ya gunia kwenye kivuli cha ule ukuta, hatua chache kutoka relini, nimefura kwa hasira. Mama mmoja aliyetoka kushuka kwenye treni akasimama mbele yangu.

"Muchele hii njo ya bei gani?"

"Haiko ya kuuzisha hapa. Ni ya soko."

Akaanza kuondoka. Hapo nikajiuliza, tangu lini nafukuza wateja?

"Mama, rudia!"

Nikampimia. Nyuma yake wakaja abiria wengine, kisha wapagazi, kisha wake za wafanyakazi wa reli, waliosema soko liko mbali na miguu inauma. Sikupata hata nafasi ya kula.

Alasiri Tambwe akaja anatabasamu.

"Citoyenne, gari imeshiba! Tupakie."

Nikasimama, na hapo ndipo nilipogundua kwamba nimesimama bila kushika kitu. Mgongo ulikuwa kimya. Magunia yote matatu yalikuwa matupu, nimeyakunja na kuyakalia. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na mengine hayakuwa ya kicheko.

"Unanunua?" akauliza Tambwe.

"Baba Tambwe, gari yako iko muzuri. Lakini itanibebea nini sasa? Uniambie tu, kivuli hii njo ya nani?"