Hesabu Iliyolilia Jina

Nasike alikuwa na mchezo mmoja ambao mama yake hangeupenda hata kidogo. Kila hesabu aliyoipa kompyuta ya chuo pale Kitale ilidai jina, na yeye aliipa jina la marehemu. Kwao Misikhu mtoto mchanga akilia bila kukoma, wazee huyataja majina ya waliokwenda, moja moja, mpaka anyamaze. Lililomnyamazisha ndilo lake. Basi na hesabu zake vilevile. Na usicheke, zilikuwa zinanyamaza.

"Sisi kwetu mtoto hupewa jina la babu yake, babu akiwa bado hai, tena anambeba," Kagwe, mwanafunzi mwenzake aliyeketi meza ya pili, alimtania siku moja. "Nyinyi mnangoja mtu afe ndiyo mumpe heshima?"

Kilichotafutwa ni kitu kidogo ajabu: umeme ukipita kwenye utando wa platini, unazigeuza kwa nguvu gani sumaku za kobalti zilizolazwa juu yake? Kompyuta hukisia, hujisahihisha, hukisia tena, na kila duru huandika kosa lililobaki. Kosa likikaribia sufuri, hesabu imetulia, jibu unalo. Lisiposhuka, utalia wewe.

Ijumaa hiyo jibu lilitakiwa kwa msimamizi kabla ya saa kumi jioni, la sivyo mwaka wake wa masomo uende na maji. Na hesabu ilikuwa imegoma. Aliiita Wakoli, jina la babu. Kosa likapanda na kushuka siku mbili. Akaiita Nabwile, jina la nyanya. Wapi!

Roho yake yenyewe haikuwa Kitale. Ilikuwa Bungoma, wodini, alikolazwa kaka yake Tonny, aliyegongwa na pikipiki Webuye na kupasuliwa kichwa jana yake. Tonny huyu ndiye aliyevunja spika ya redio ya baba wakiwa wadogo ili amwonyeshe Nasike sumaku, kisha akachapwa peke yake bila kumtaja. Nasike alimpenda kuliko shahada yoyote, na aliona haya kuwa hapo badala ya kando ya kitanda chake.

Saa saba mama yake, Edinah, akapiga simu.

"Mayi, anaendeleaje?"

"Si amefungua macho! Amekunywa uji kidogo. Ameuliza ati wewe uko wapi."

Nasike aliibana simu begani, akicheka huku machozi yakimtoka, na vidole vikaianzisha hesabu upya. Alipokata simu ndipo alipoliona jina aliloandika. Tonny.

Jina la aliye hai halitajwi mbele ya mtoto anayelia, maana likimnyamazisha, mwenye jina huondoka. Hata walevi wa Misikhu wanalijua hilo. Akapeleka mkono aifute. Lakini lile kosa lilikuwa linashuka, duru baada ya duru, bila kuyumba. Akajiambia yeye ni mtu wa fizikia, bana, aache ujinga. Akaiacha.

Saa tisa simu ikaita tena. "Amelala ghafla," Edinah alisema. "Daktari anamwita, haitiki."

Kosa lilikuwa limebaki robo. Nasike akabaki na simu sikioni, macho kwenye kioo cha kompyuta. Namba ikashuka, na mama akasema pumzi zinapungua. Ikashuka tena.

"Omba, mwanangu. Omba tu."

Hakuomba. Aliisimamisha hesabu, akaifuta yote, faili baada ya faili.

"Amekohoa!" mama akapiga kelele. "Nasike, ameomba maji!"

Alilia kwa sauti, mbele ya Kagwe, bila aibu. Mwaka ungepotea, na upotee. Akachukua mkoba aende Bungoma. Kagwe aliuliza kuna nini, naye alisema tu kwamba hesabu imeharibika.

Alikuwa amefika geti la chuo saa tisa na nusu ujumbe wa Kagwe ulipoingia. *Usikate tamaa. Nilikuwa nimenakili faili zako kabla hesabu haijaharibika, nimeziendesha kwa mashine kubwa ya chini, ile ya haraka. Jina nimeliacha, najua unampenda. Imebaki kidogo sana, nashuka tena kuitazama.*

Alimpigia. Haikushika, chumba cha mashine kiko chini ya ardhi, mtandao haufiki. Akatupa mkoba na viatu, akakimbia peku kupita watu walioduwaa, akishuka ngazi akiita "Kagwe, izime! Izime!"

Mashine zilivuma kupita sauti yake. Kagwe aligeuka alipomwona mlangoni, akafungua mikono kwa furaha.

"Imetulia," akasema. "Kosa hakuna kabisa. Saa kumi kasoro, tumewahi."

Nasike alitazama simu yake, ambayo haikuwa na mtandao, na akaogopa kupanda ngazi.