Chumba cha Mita Tisa

Mimi ni fundi cherehani, na fundi cherehani hupima kwa kuzungusha. Kifua, kiuno, nyonga: utepe unazunguka, unakutana na mwanzo wake, namba unaisoma, basi. Kwa hiyo afisa wa ustawi aliponiambia kwamba mtoto wa marehemu dada yangu hatatoka kwenye makao ya watoto mpaka apate chumba cha mita tisa za mraba, nilitoa utepe wangu nikakizungusha chumba cha pembeni, ukuta kwa ukuta. Nikapata kumi na mbili. Nilipiga vigelegele peke yangu kama mwendawazimu, kisha nikaenda kumwambia mtoto afungashe.

Leo afisa amekuja, kijana mpole, viatu kaviacha mlangoni. Akalaza tepu yake ya chuma sakafuni. Urefu, mita nne. Upana, mbili.

"Nane," akasema.

"Nane ya nini? Zungusha, mwanangu. Kumi na mbili hizo!"

"Huo ni mzingo, mama. Mtoto halali ukutani. Tunatafuta eneo la sakafu: urefu mara upana."

Hesabu hiyo niliisoma shuleni, nikaiacha hukohuko.

"Mita moja tu! Mita moja kitu gani mbele ya yatima?"

"Sheria sikuitunga mimi. Nikiandika tisa, mwenzangu akaja kuhakiki, kibarua changu kimeota nyasi."

"Na ukiandika nane?"

Aliangalia chini. "Kesho anahamishiwa makao ya mbali. Makao ya hapa yamejaa."

Mbali ni mbali. Mtoto wa miaka sita akishapelekwa huko, mimi nitakuwa jina tu. Mfa maji haachi kutapatapa, nikachukua nyundo.

Chumba hicho na sehemu ninayoshonea vinatenganishwa na ukuta wa plaiwudi, mlango uko mwishoni. Nilipiga maungio kwa hasira zangu zote, za msiba na za sheria. Afisa anapiga kelele, "Taratibu, mama!" Taratibu ya nani? Misumari ikang'oka, ukuta ukalalia meza yangu ya kukatia vitambaa, fremu ya mlango ikavunjika vipande viwili.

"Haya, pima sasa! Nne mara nne, kumi na sita!" Safari hii nilikuwa nimepatia.

Hakuinama. "Chumba ni kuta na mlango, mama. Ukuta ulipokuwa umesimama, ulikuwa na chumba cha mita nane. Sasa huna chumba kabisa."

Nikainama, nikaunyanyua ule ukuta, nikausogeza kidogo upande wa cherehani, nikauegemeza mgongoni, mikono nimeitandaza. Jasho na machozi vikaniingia mdomoni.

"Huu hapa. Chumba nimekiongezea nafasi. Pima!"

Nilidhani atatoka. Akapiga magoti, akalaza tepu. Urefu, nne. Upana, mbili na robo. Midomo yake ikacheza akipiga hesabu.

"Tisa," akasema kwa sauti ndogo.

"Andika basi! Andika, baba, nimeushika, hauanguki!"

Alibaki amepiga magoti, kalamu mkononi, akivitazama vile vipande viwili vya fremu.

"Na mlango, mama?"