Binti wa Mwokaji

Mtaa mzima uliiita Nyumba ya Mwokaji, ingawa mkate wa mwisho ulitoka humo kabla lami haijafika. Tanuri bado lilikuwepo uani, kuku wakitaga ndani yake. Sasa aliishi humo fundi cherehani, mjane wa makamo aliyerithi nyumba kwa baba yake, naye baba aliirithi kwa babu.

Hapo kwa babu ndipo palipokuwa na mwiba. Babu alikuwa kibarua wa kukanda unga tu. Ilikuwaje kibarua akabaki na nyumba, tajiri wake mwokaji akahama? Watu walinong'ona kwamba alimlaghai tajiri huyo akiwa mgonjwa. Utotoni, kwenye ugomvi wa bombani, fundi aliwahi kuitwa mjukuu wa mwizi, na neno hilo halikumtoka moyoni.

Asubuhi moja ajuza mwenye mkongojo alisimama mlangoni, akihesabu madirisha kwa kidole.

"Hodi! Mimi ni binti wa mwokaji."

Siku yenyewe imefika, fundi akawaza. Alimwamkia, akamwondolea vitambaa kitini, kisha akakimbilia jikoni kupika chai, apate pa kujificha. Atatoa nini kwanza, cherehani au kabati la marehemu mama?

Alirudi na kikombe, nusu ya chai iko kwenye kisahani.

"Bibi, kama umefuata nyumba, niambie tu. Wanasema babu yangu aliwadhulumu."

"Nani kasema?" Ajuza aliwaka. "Basi ni baba yangu mdogo huyo! Aliitamani nyumba hii mpaka anaingia kaburini. Hebu kaa, mjukuu wangu."

Fundi akakaa juu ya marobota.

"Ndui ilipoingia humu, ndugu zetu walihamia upande wa pili wa barabara. Babu yako ndiye aliyeingia. Alitulisha kwa mkono wake, mimi na baba. Mama alipofariki, alichimba kaburi peke yake." Akagusa vishimo vya shavuni. "Baba alipopona hakuweza tena kulala humu. Akamwambia, 'Chukua wewe.' Babu yako alikataa mara mbili. Nilikuwa na miaka tisa, nimesimama pale pale ulipoweka pasi."

Fundi alijifunika uso kwa kanga, akalia mpaka mabega yakacheza, kisha akajikuta anacheka.

"Na mimi nimekaa humu miaka yote hii kama niliyevunja mlango!"

"Umejitesa bure, mwanangu. Mimi nimekuja kuona chumba cha mama, basi."

Walikiona. Halafu wakatoka barazani, ajuza akionyesha kwa mkongojo: penye duka la dawa palikuwa na kisima, kwa kinyozi palikuwa kwa mhunzi mmoja kiziwi aliyeimba vibaya. Muuza mkaa wa jirani akanyoosha shingo.

"Jirani, mgeni wako nani?"

"Binti wa mwokaji," fundi alijibu kwa sauti ambayo mtaa haukuwahi kuisikia kwake. "Waite na wenzako. Njooni na viti, awasimulie mwenyewe!"