Mistari ya Nyumba ya Mama

...kwa sababu ukingo wa kikombe si kikombe, hilo ndilo watu wasilolielewa, ukingo ni mstari unaojizungusha mpaka unajikuta pale ulipoanzia, na ndiyo maana aliupiga picha mara kumi na moja asubuhi ile mezani kwa mama, mwanga ukiingia kwa ubavu, lakini sasa kwenye kompyuta ya duka la kuchapisha, kioo kimejaa alama za vidole vya watu, kikombe ni kikombe, basi, na Bwana Wino, mwenye duka, aliyepewa jina hilo kwa ajili ya kucha zake zisizotoka wino, anabonyeza mshale, kikombe, kikombe, kikombe, anasema bila kugeuka, “Na hiki nacho kikombe,” na dada mkubwa wa mpiga picha, aliyesimama nyuma ya kiti akiukumbatia mkoba wake, anasema, “Endelea tu, Bwana Wino, atakuwa huko mbele,” atakuwa huko mbele, utadhani mama ametangulia dukani kununua chumvi, ilhali mama yuko chumba cha maiti tangu juzi na kesho saa nane anazikwa, na ratiba ya mazishi ni lazima ichapwe leo kabla ya saa sita, nakala mia mbili, karatasi nzito, ukurasa wa mbele una jina, una tarehe mbili, na kati yake kisanduku cheupe kinachongoja uso. Picha ziko mia nne na ushee, na kila inapopita moja anahesabu zilizobaki, maana humu dukani ni yeye peke yake anayejua kwamba huko mbele hakuna mtu, au hajui, anaogopa tu, labda ipo moja iliyoponyoka, anaomba iwepo, hata mbovu, hata iliyotikisika... kosa lilikuwa kuitikia, juzi sebuleni, shangazi aliposema la picha lisiwasumbue, tunaye mtaalamu humu humu ndani, na vichwa vyote vikamgeukia, akaitikia kwa kichwa, kwa majivuno yale ya kijinga ya mtu aliyengoja miaka tisa ndugu zake wamwite mtaalamu, ndugu hao hao waliokuwa wakimcheka, shemeji yake ndiye aliyesema mezani mbele ya watu, mtu mzima na akili zake anainama dakika ishirini kupiga picha kamba ya nguo, na nguo zenyewe hazimo, wakacheka mpaka wakapaliwa, na mama naye alicheka, ndiyo, alicheka, kisha akasema, “Mwacheni mwanangu, anaona anachokiona,” na hilo lilimuudhi kuliko kicheko, kutetewa na mtu asiyeelewa anachokitetea... ngazi, sasa zinakuja ngazi, mkono wa ngazi ya nyuma unavyojipinda pale chini kabla ya kugusa sakafu, picha nzuri, Mungu amsamehe, hata leo ni nzuri, “Hapa ni wapi?” anauliza Bwana Wino, “Nyumbani,” anamjibu, “ngazi,” na Bwana Wino anasema, “Naona ngazi,” bila dhihaka yoyote, mtu wa watu, na afadhali angedhihaki.

Uongo ameshauandaa, anao mdomoni tangu walipoingia, ile diski kubwa yenye picha za mama iliungua, umeme ulirudi kwa kishindo, si mnajua umeme wetu, na dada ataamini, dada haambiwi uongo na mtu ila anauamini, atasema pole mdogo wangu, atampa pole yeye, mfiwa wa picha... Siku za kazi hupiga picha mabomba na masinki kwa ajili ya orodha ya bidhaa za muuza vifaa vya ujenzi, mtu anayependa kusema sinki lionekane lina afya, na Jumapili alikuwa akienda kwa mama kujitakasa na masinki, ndivyo alivyojisemea, anakula, anasukuma sahani, anachukua kamera, mpira wa maji uliojikunja uani, meno ya kitana, kivuli cha nondo za dirisha sakafuni, uzi unaoshuka kutoka cherehani, na mama pia, tusiseme hakumpiga mama, alimpiga sana, hii hapa shingo yake kwa nyuma, mpindo mmoja kutoka sikioni hadi begani, huu hapa wayo, hii hapa njia ya nywele iliyonyooka kama rula, “Ni yeye,” dada anasema, “rudisha nyuma, hiyo shingo ni ya mama, sasa mgeuze,” mgeuze, amesema, na Bwana Wino anavua miwani yake, anaifuta, anaivaa tena, ndipo anajibu taratibu, “Picha haigeuki, dada yangu.” Na nyingine zilikuwa na uso, hilo ndilo asilotaka kulifikiria na ndilo analolifikiria, zilikuwa nao, ukiingilia pembeni, shavu, jicho moja, mdomo ukiongea, maana mama alikuwa haishi kuongea, na yeye akirudi kwake aliukata, uso unakula picha, ndivyo alivyofundishwa, ukiweka jicho la mtu humo hakuna atakayetazama mstari tena, akaukata, akahifadhi kilichobaki, akafuta kilichokatwa, nani anatunza maganda akishakula chungwa, na siku ya maonyesho ya picha mzee mmoja wa majaji alimshika mkono akawaambia wenzake, huyu anajua kuondoa, huyu anajua kuondoa, akatembea na maneno hayo mwaka mzima, akiyapenda, hakumweleza mama maana yake kwa sababu alidhani hataelewa, na mama akakitundika cheti cha maonyesho yale ukutani, akawa anakipangusa vumbi.

“Kinyozi hajinyoi, nimekubali,” dada anasema, “lakini huyu kweli hajamnyoa hata mama?” anajaribu kucheka, kicheko hakifiki popote, kisha anamwambia Bwana Wino, kwa sababu ni rahisi kumwambia mgeni, “Unajua sisi simu zetu hazina kitu, wajukuu wamejaribu mpaka wamechoka, ukimnyooshea simu tu anaziba uso kwa kiganja, anasema, niacheni, mimi nina mtoto wa kazi hiyo, siwezi kupigwapigwa na simu kama mbuzi wa mnadani, atanipiga mwenyewe akipata nafasi,” na Bwana Wino anasema, “Wazee,” anabonyeza mshale, kamba ya nguo, kamba ya nguo... akipata nafasi, hakuwahi kuambiwa hilo, hakuna aliyemwambia, miaka tisa ya viganja usoni na yeye ndiye aliyekuwa akingojwa, na alikuwepo, kila Jumapili, mita mbili kutoka hapo, ameinamia mpira wa maji... na ile Jumapili, ile ya gauni la bluu, alimkuta mama amekaa dirishani amevaa gauni la kutokea, hereni masikioni, poda, mikono mapajani, saa tano asubuhi, akamuuliza, “Mama, unakwenda wapi?” akasema, “Siendi popote, nimekaa tu,” na yeye hakuona neno, aliona pazia, mikunjo yake iliyoanguka mpaka chini na mwanga ukipita katikati, akasema, “Mama, sogea kidogo, unaziba mstari,” na mama akasimama, akanyanyua kiti mwenyewe, “Hapa?” “Kidogo tena,” “Hapa?” “Kidogo tena, Mama, kivuli,” mpaka akawa nje ya mlango na kiti chake, na picha ikatoka safi, “Pazia,” anasema Bwana Wino, na ndiyo hiyo, imejaa kioo kizima, mikunjo saba, haina kasoro, unaweza kuitazama siku nzima usijue kuna mtu alikuwepo. Anamkasirikia mama, ghafla, hasira ya kweli, ungesema, Mama, neno moja, nipige, ulikuwa na maneno ya kila kitu, ya bei ya sabuni, ya jirani, ya magoti yako, hili likakushinda nini, mzazi anajipamba na kuketi kama mwali halafu anasema nimekaa tu... na angesema? Anajua angejibiwa nini, haina haja ya kujidanganya mbele ya kompyuta ya watu, angemwambia mwanga umeshaharibika, Mama, tuache mpaka Jumapili ijayo.

“Penye miti hapana wajenzi,” dada anasema polepole, si kwa ukali, amechoka, anafungua mkoba, “basi tutumie kitambulisho,” anakitoa kwenye bahasha ya hospitali, anakiweka juu ya meza karibu na kibodi, na Bwana Wino anakiinua kwenye mwanga, anapima kwa jicho, anasema kukikuza atakikuza lakini kitafifia, chembechembe zitaonekana, “wewe ndiye mtaalamu, unasemaje?” anamkabidhi, kidole kinarudi kwenye mshale, kinangoja, na uongo wa diski umemkauka mdomoni, hautoki wala haumezeki, anakishika kitambulisho, na anachokiona kwanza, laana ya kazi, ni kwamba bega la kushoto limeshuka na ukuta wa nyuma una doa, kisha anaona nyusi, moja iko juu kuliko nyingine, je, siku zote ilikuwa hivyo, anajua shingo ile hata gizani lakini nyusi hizi anaziona leo, kisha macho, yamefunguka, yametulia, yanamtazama moja kwa moja, mdomo umeachama kidogo kama wa mtu aliyetaka kuongea akaambiwa asiongee, si picha nzuri, ni picha mbaya sana, na ni mama mzima mzima, na aliyeipiga ni karani wa vitambulisho, dada ndiye aliyempeleka mama siku ile, foleni tangu alfajiri, karani mmoja aliyechoka, asiyemjua, mwenye watu wengine mia wa kumaliza kabla ya chakula cha mchana, aliinua mkono akamwambia maneno ambayo yeye kwa Jumapili zote zile hakuwahi kumwambia, Mama, tazama hapa, na mama akatazama.