Siku Tatu Zisizo Daftarini

Barua ya halmashauri ilifika Jumanne asubuhi, Lalla Zhor akiwa uani anamenya njegere. Miwani yake ilikuwa juu ghorofani na magoti yake yalikuwa chini, na hakuona haja ya kuvisumbua vyote viwili, kwa hiyo akaiweka barua chini ya bakuli imsubiri binti yake. Ikashinda hapo inalowana polepole. Angejua kilichomo, pengine angeimwagia bakuli zima.

Binti huyo, Ilham, alirudi saa kumi na moja jioni, koti jeupe la duka la dawa bado mwilini.

"Yemma, hii barua inanuka njegere."

"Ya serikali hiyo, haidhuriki na mboga. Soma."

Ilham akasoma kimya kimya, kisha akarudia, na safari ya pili midomo ilikuwa inachezacheza. Akavuta kigoda akakaa.

"Inasema nini?"

"Inasema wewe mwizi."

Lalla Zhor akacheka. Alipoona anacheka peke yake, akaacha.

Mambo yalikuwa hivi. Pale Azemmour, kila mgeni anayelala kwenye nyumba ya kupangisha ana kodi yake ya kulala, kichwa kwa kichwa, siku kwa siku. Mwenye nyumba anaikusanya, anaandika daftarini, kisha anaipeleka halmashauri pamoja na ile kodi nyingine ya mauzo ya chumba. Lalla Zhor alikuwa na chumba kimoja tu, cha juu, kinachotazama mto. Ilham alikitangaza kwenye mtandao wa vyumba, wageni wakawa wanalipia huko huko, na pesa ikiingia benki binti anaitoa na kuileta nyumbani. Yemma anaitia kwenye kopo la chai lililo kabatini. Daftari nalo lilikuwa la yemma. Kila baada ya miezi mitatu Ilham alilibeba hadi halmashauri bila hata kulifungua. Nani anakagua daftari la mama yake?

Sasa mwaka ule mtandao wenyewe ukaanza kupeleka orodha yake halmashauri. Orodha na daftari vikakutanishwa, vikakataa kusalimiana.

"Mgeni wa mwezi wa tatu, yule mama wa Fès, alilala siku saba," Ilham alisema. "Wewe umeandika nne. Yule mwalimu alilala tano, umeandika mbili. Wote hivyo hivyo. Siku mia moja na ishirini na tatu hazimo. Hesabu zimekushinda?"

"Shule niliachia darasa la tatu, ulitegemea nini?"

"Darasa la tatu! Muuza samaki anatetemeka akikuona unakuja na kikapu, leo saba zimekushinda?" Ilham akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini, "Na pesa zenyewe ziko wapi, yemma? Kila mwezi kopo linaisha upesi. Nikadhani ni bei ya mafuta. Au umepata kijana huko sokoni unamlea?"

Ulikuwa utani, ila utani wenye mfupa ndani. Lalla Zhor akarudi kwenye njegere zake. Zilikwisha kumenywa zote, akawa anapekua maganda.

Jibu alikuwa nalo. Alikuwa nalo miaka yote hiyo, na tatizo lilikuwa hilo.

Miaka kumi na mmoja nyuma, mwanawe Redouane alivuka bahari kwenda Uhispania na vijana wenzake, bila kuaga. Wiki mbili kimya. Kisha simu ikalia, namba ngeni. Ilham, wakati huo ana miaka kumi na mitano, ndiye aliyeipokea, akaiweka katikati ili wote wasikie. "Yemma, niko salama," sauti ilisema. "Kuna mama hapa kanipa kitanda. Leo siku ya tatu nalala. Hataki pesa, hata jina hajaniuliza. Kesho nakwenda kaskazini." Basi. Kesho yake wakaipiga ile namba. Yule mama aliwaeleza, kwa maneno ya kuokoteza, kwamba kijana ameondoka alfajiri na mkate mkononi. Tangu siku hiyo hakuna simu, hakuna salamu, hakuna kaburi.

Baba yake akafa na swali hilo kifuani. Lalla Zhor akabaki na chumba cha mwanawe, na Ilham aliposema wakipangishe, akakubali kwa sharti moja ambalo hakumwambia binadamu. Alisema na Mungu tu, amesimama katikati ya chumba kitupu: Mola, kila atakayelala humu, siku tatu za mwanzo ni zako, asijue mtu ila mimi, wewe na yeye. Na wewe mpe Redouane kitanda huko aliko.

Akamwambia Ilham aandike mtandaoni kwamba mgeni asipungue siku tano. Ilham akadhani yemma anaogopa kufua mashuka. Na kila mgeni alipoondoka, Lalla Zhor alimsindikiza mlangoni, akampa mkate, na chini ya mkate bahasha yenye pesa ya siku tatu. Akiulizwa anaweka kidole mdomoni. "Usimwambie mtu. Ukisema, umeniharibia." Na watu, ajabu, hawakusema. Mtandaoni waliandika mto mzuri, supu nzuri, ngazi mbaya. Bahasha hakuna aliyeitaja.

Daftarini hakuziandika kwa sababu haikumjia akilini kwamba ziandikwe. Siku uliyompa Mungu unaipelekaje halmashauri? Halmashauri aliipa siku alizouza, hadi dirhamu ya mwisho, na alilala usingizi wa mtu safi.

Alhamisi wakaenda. Mkuu wa meza ya kodi alikuwa Si Maati, yaani Bwana Maati, mwanamume mnene mwenye sauti ndogo, aliyesoma na marehemu mume wa Lalla Zhor. Siku ya mazishi alishika jeneza upande wa mbele. Sasa alisimama, akamwekea kiti, akafuta vumbi kwa mkono wake mwenyewe, na heshima hiyo ikamuumiza Lalla Zhor kuliko angefokewa.

"Lalla Zhor, baraka za nyumbani?"

"Zipo, Si Maati. Watoto?"

"Wanakula tu." Akafungua faili. "Nitasema haraka, ili liume mara moja. Umepokea pesa za siku hizi mia na ushee. Mtandao umeleta ushahidi. Njia ni mbili. Ya kwanza, unasaini hapa kwamba uliuficha mzigo huu, unalipa kodi yake, na faini kwa kuwa ni mara ya kwanza inakuwa nusu, kidogo kidogo mwaka mzima. Leseni inabaki. Ya pili, unakataa, jambo linakwenda kwenye kamati, na mpaka kamati ikae, chumba kinafungwa."

"Kamati inakaa lini?"

"Kamati ya hapa?" Si Maati akatazama dari, kana kwamba tarehe imeandikwa huko. "Inakaa ikisimama mvua, na ikinyesha haikai."

Ilham akasogea mbele. "Si Maati, mama yangu hakuiba. Ni mzee, anachanganya."

"Sichanganyi," Lalla Zhor akasema.

"Basi eleza, yemma! Sema neno moja! Kama ulimpa mtu, sema ulimpa nani. Kuna wageni arobaini na mmoja, tutawaandikia waje kukushuhudia."

Ulimi ulifika kwenye meno. Ilikuwa rahisi mno. Angesema, Ilham angelia, Si Maati angefunga faili kwa aibu, na hadi jioni mtaa mzima ungekuwa unamwita mama mtakatifu. Na ile sadaka ingekuwa imeliwa yote, imelipwa kwa sifa. Halafu siku moja Redouane angebisha mlango wa mtu, mahali penye baridi, na mlango usifunguke. Alijua mtu mwenye akili angemcheka. Lakini kwa miaka kumi na mmoja mwenye akili hakumletea habari ya mwanawe.

"Sina la kueleza," akasema.

Ilham akageuza uso ukutani.

Si Maati alikuwa anatazama orodha, kidole kinashuka mstari kwa mstari. Kikasimama. Kikapanda tena juu, kikashuka polepole zaidi.

"Ilham, mwanangu," akasema, "nenda ukatoe kopi ya kitambulisho cha mama. Mbili."

"Kopi ipo kwenye faili, naiona."

"Ile imezeeka. Na ya hapa mashine imekufa, vuka barabara."

Ilham akatoka, visigino vinagonga sakafu kama nyundo. Si Maati akasubiri vimalizike.

"Watu arobaini na mmoja," akasema. "Kila mmoja pungufu siku tatu. Si mbili, si nne. Lalla Zhor, nimekaa kiti hiki miaka ishirini na sita. Wezi nawajua kwa majina na kwa mwandiko. Mwizi anaiba kadiri ya shida yake, mwezi huu nyingi, mwezi ule chache. Sijaona mwizi anayeiba tatu, tatu, tatu, kama anayehesabu tasbihi."

Lalla Zhor akafunga mikono juu ya mapaja.

"Marehemu mama yangu," Si Maati akaendelea, bila kumtazama, "kila Ijumaa alikuwa anatoa sahani moja ya kuskusi, ile yenye nyama yenyewe, anatoka nayo chini ya jilbabu. Tukiuliza inakwenda kwa nani, tunapigwa mwiko. Kafa nao mwiko wake. Sikuulizi kitu."

"Usiniulize."

"Ila mimi nina karatasi, na karatasi haina mama. Pesa imeingia kwako, hilo siwezi kulifuta." Akasogeza kalamu. "Na nikwambie jambo moja la kazi tu. Kodi ya kulala inahesabu mtu aliyelala. Ukimuuzia, ukimpa bure, ukimwimbia, kalala kalala. Akilala saba, andika saba. Ukishaandika na kodi ikalipwa, kinachotoka mlangoni kwako baada ya hapo hakina meza katika jengo hili. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Mungu akusaidie."

Lalla Zhor akasaini. Neno lile, "nilificha", lilikuwa mstari wa tatu. Alilifuata kwa kidole akalisoma, darasa la tatu lilimtosha kwa hilo. Akairudisha kalamu mezani. Ilham alipoingia na kopi zake mbili, wino ulikuwa umekauka.

"Umesaini," Ilham akasema.

"Nimesaini."

Walipofika nyumbani Ilham alikwenda moja kwa moja kabatini, akalichukua kopo la chai, akalitia kwenye mkoba wake. Akachukua na daftari.

"Kuanzia leo pesa nashika mimi. Za soko nitakupa asubuhi kwa asubuhi."

"Sawa."

"Hunigombezi?"

"Kwa lipi? Una haki."

Afadhali wangegombana. Ilham alipanda ngazi, na kwa wiki kadhaa nyumba ile ilikuwa na watu wawili na maneno manne: chai tayari, mkate umeisha. Sokoni habari ilikwisha kufika, maana Azemmour ni mji mdogo na kuta zake nene hazijawahi kuzuia neno. Muuza samaki akampimia huku anasema, "Lalla Zhor, leo nihesabu mimi au utahesabu wewe?" Watu wakacheka. Akalipa, akaondoka na samaki wake.

Kopo halikuwepo tena, lakini nadhiri ilikuwepo. Mwezi uliofuata akavuta sandukuni fremu ya kudarizi aliyoiacha macho yalipopungua, akanunua uzi mwekundu kwa pesa aliyobana kwenye mboga. Akaanza tena yale madragoni ya Azemmour, ndege wenye mikia ya nyoka wakitazamana, mshono kwa mshono, mchana akikaa panapoingia jua na kusogea nalo. Mto mmoja wa kitanda siku kumi na mbili. Kidole gumba kikaota sugu.

"Mito ya nani hiyo?" Ilham akauliza.

"Ya kuuza. Mikono imechoka kukaa."

Ilham akaguna. Alidhani yemma anadarizi ili kulipa faini, na huruma ikapigana na hasira usoni pake, hakuna iliyoshinda.

Mwisho wa majira ya baridi akaja mpima barabara kutoka Oujda, kijana aitwaye Yahya, akalala siku nane. Usiku wa mwisho Lalla Zhor akamuuliza binti yake, "Umeandika zote nane?"

"Nimeandika nane na kodi ya nane. Siku hizi nyumba hii inajua kuhesabu."

Asubuhi Lalla Zhor akamsindikiza mgeni mlangoni. Akampa mkate, bado wa moto. Kijana akauhisi mzito upande mmoja, akageuza, akaiona bahasha, akaifungua palepale kama watoto wa siku hizi wasivyojua kusubiri.

"Lalla, hii nini? Hii si pesa ya siku tatu? Nilishalipa mimi!"

Akaweka kidole mdomoni, lakini sauti ya kijana ilikuwa ya mtu anayefanya kazi kando ya malori. Nyuma yake, kwenye ngazi, Lalla Zhor akasikia kandambili zinashuka. Zikasimama.

"Siku tatu," kijana akarudia, anahesabu noti. "Kwa nini tatu?"

"Ulilala vizuri?"

"Nililala kama nyumbani."

"Basi nenda. Usimwambie mtu."

Akafunga mlango, akabaki ameushika. Hakugeuka. Kule juu palikuwa kimya, kimya cha mtu anayezuia pumzi, na Lalla Zhor akajua pumzi hiyo ni ya yule msichana wa miaka kumi na mitano aliyeshika simu katikati ili wote wasikie. Akangoja swali. Likija, atalijibu nini?

Kandambili zikapanda taratibu, ngazi kwa ngazi, hadi juu kabisa. Mlango wa juu ukafunguliwa, ukafungwa kwa kishindo ambacho haukuhitaji. Ndipo zikashuka upya, kwa kelele, pamoja na kikohozi.

"Mgeni kaondoka?" Ilham akauliza, amesimama ngazi ya mwisho. Macho yake yalikuwa mekundu, akawa anajifanya anafunga vifungo vya koti.

"Kaondoka."

"Umempa mkate?"

"Nimempa."

"Vizuri," Ilham akasema. Akambusu mama yake kichwani, jambo ambalo hakulifanya tangu Alhamisi ile, akapitia jikoni na mkoba wake, akaenda kazini.

Lalla Zhor akaingia jikoni kutafuta uzi aliouacha. Kopo la chai lilikuwa kabatini, mahali pake.