Matairi ya Gari la Viti Viwili

Mume wangu alipima ardhi za watu miaka thelathini na mmoja. Majirani wakigombania mpaka, anaitwa yeye na kamba zake, na akisema ni hapa, basi ni hapa, ugomvi umekwisha. Mtu huyo huyo, mwezi wa pili tu baada ya kustaafu, akaniletea nyumbani gari la michezo, jekundu, mtumba, lenye viti viwili. Viwili! Cha dereva na cha pembeni yake. Nyuma hakuna hata pa kuweka kikapu.

"Baba Pacha," nikamwambia, "umepima ardhi za watu wote hao, ukashindwa kupima mimi nitakaa wapi?"

Akacheka. Mimi sikuwa na mzaha hata chembe.

Maana alijua. Miaka kumi na tisa sijakaa kiti cha mbele cha gari lolote, tangu siku tairi lilipotupasukia mteremkoni tukaingia mtaroni. Yeye alivunjika mkono, mimi nikatolewa vioo usoni, lakini Mungu si Athumani, tulipona. Askari wa barabarani akanionyesha tairi lenyewe. Meno yake yote yalikuwa mazima, ila lilikuwa limekaa miaka kumi na moja tangu litoke kiwandani. Na aliyelinunua ni mimi. Mimi mfamasia, nisiyeruhusu chupa iguse rafu kabla sijasoma tarehe yake, nilinunua tairi kwa kulitazama sura tu! Tangu siku ile nakaa nyuma, mkanda nimeukaza. Pacha zetu wamekua, wana nyumba zao, na mimi bado nakaa nyuma peke yangu. Majirani wameniita bosi mpaka wamechoka.

Basi gari likakaa uani wiki tatu. Baba Pacha analiosha, analizunguka, anasimama, analiosha tena. Akitoka nalo anatoka peke yake, akirudi ananiuliza kama kuna chai. Hanishawishi, halalamiki. Afadhali angelalamika! Roho ilikuwa inaniuma, na hapo hapo hasira zinanipanda: kwa nini mtu anunue kitu anachojua mke wake hataingia?

Jumamosi asubuhi akasema, "Naenda kubadilisha matairi. Haya yamekwisha."

"Nakuja na wewe."

Akageuka upesi, macho yamemtoka. "Utakuja na nini?"

"Kwa miguu. Duka si mbali. Na sikiliza, matairi nachagua mimi. Nikiyaamini, nitapanda. Nisipoyaamini, uza hilo gari, tusiongee tena habari zake."

"Haya," akasema. Akaingia garini bila ubishi, nikajua mwenzangu hachezi.

Tukaenda hivyo hivyo. Mimi natembea kando ya barabara na mkoba wangu, yeye anaendesha pembeni yangu kwa mwendo wa konokono, dirisha limeshushwa, tunabishana kuhusu bei ya vitunguu. Gari la watu wenye haraka! Mwenye baiskeli akatupita, akageuka kututazama, nusura aingie kwenye nguzo.

Fundi wa matairi wanamwita Upepo, kwa sababu ya mashine yake ya kujazia upepo, na pia kwa sababu ya mdomo wake, ambao nao haupumziki. Mikono yake ni myeusi mpaka viwiko. Alipoliona gari akalipigia saluti.

"Mzee, hili ni gari! Hili halivai viatu vya shule. Subiri."

Akatoa matairi manne kutoka rafu ya mbele, yamefungwa nailoni, yana mstari mwekundu umezunguka ubavuni. Baba Pacha akayaona, na hapo hapo nikajua nimempoteza. Akachuchumaa. Akapitisha kidole juu ya ule mstari, taratibu, mzee mzima na magoti yake.

"Mama Pacha, tazama. Rangi moja na gari."

"Naona. Yametengenezwa lini?"

Upepo akacheka. "Mama, haya ni mapya kabisa. Hayajagusa lami!"

"Sikuuliza kama yamegusa lami. Dawa nayo haijanywewa na bado inaharibika. Tarehe iko wapi?"

Nilikuwa najua iko wapi, yule askari alinifundisha. Nikavaa miwani, nikachana nailoni, nikainama kutafuta zile tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Nikasoma, nikahesabu kwa vidole ili kila mtu aone. Miaka tisa.

"Lingekuwa mtoto," nikasema, "lingekuwa darasa la tatu."

"Lakini lilikaa kivulini, mama yangu..."

"Hata mimi nimekaa kivulini, na nimezeeka!"

Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri zamu akaangua kicheko. Upepo akajifuta jasho, akabaki na weusi kwenye paji la uso. Akaleta mengine kutoka rafu ile ile. Miaka saba. Mengine, sita. Baba Pacha alikuwa ameacha kuyashika. Mikono ameiweka mifukoni, anatazama chini, na mimi nilitaka, jamani, safari hii nilitaka kweli kupata kitu cha kuamini.

Nikasimama katikati ya duka, nikazitazama rafu. Ndipo akili ikanijia. Kwetu famasi, dawa inayokaribia kuisha muda tunaiweka mbele ili itoke kwanza, na mzigo mpya tunausukuma nyuma. Huyu naye ni muuza duka kama mimi. Ujanja wake naujua, naufanya kila siku!

"Upepo, nipishe," nikasema, nikaingia stoo bila kungoja ruhusa.

"Mama, huko kuna vumbi!"

Nikapita rafu ya kwanza, ya pili, nikafika ukutani kabisa. Yalikuwepo manne, saizi yetu, meusi tu, hayana mstari wala pambo lolote. Nikapiga magoti na gauni langu zuri, nikasoma moja baada ya jingine. Yote manne yalitengenezwa wiki ile ile moja, miezi mitano iliyopita. Nikayasoma tena toka mwanzo. Nikayanusa, msiniulize kwa nini.

"Haya!" nikapiga kelele. "Baba Pacha, njoo, ni haya!"

Akaja, akayatazama. Nilijua ule mstari mwekundu bado uko moyoni mwake, nikajiandaa kwa ubishi. Hakuyagusa hata. Alinitazama mimi, nimejaa vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Unayaamini?"

"Nayaamini."

"Fundi, funga haya."

"Hivi hivi?" nikamuuliza. "Na urembo wako?"

"Urembo!" Akanipa mkono kuniinua. "Mama Pacha, unadhani nilinunua gari hili kwa urembo? Nilitafuta lisilo na kiti cha nyuma. Miaka kumi na tisa naongea na wewe kwenye kioo. Naona jicho moja na kipande cha paji la uso. Ukicheka, nasikia tu. Nimechoka. Nataka nikigeuka, nikuone."

Nikasimama stoo kwa watu, nikalia, na Upepo akajifanya anatafuta spana.

Yalipofungwa, niliingia. Nikashika mkanda kwa mikono miwili, nikafumba macho mpaka tukafika barabara kuu. Nikayafumbua. Barabara yote ilikuwa mbele yangu, pana, hakuna kisogo cha mtu kinachoniziba. Nikacheka kwa sauti, sijui hata nacheka nini.

Baba Pacha akageuka kunitazama.

"Mbele!" nikamfokea. "Tazama mbele, mwanamume wewe!"

"Natazama."

"Unanitazama mimi!"

"Kidogo tu."

"Baba Pacha, utatuua! Barabara iko kule!"

Akageuza uso akatazama barabara, amekenua meno yote. Akahesabu mpaka tatu, nilimsikia, kisha akageuka tena.